Meno Thelathini na Saba

Mimi kazi yangu ni stoo: daftari, kalamu yenye kamba,
na dirisha la nyavu linalotazama karakana.
Kila kinachotoka hapa kina jina la mtu.
Kila kinachorudi nakipangusa.

Mwezi wa nane watu wa Uru walishusha gia ndani ya gunia,
gia ya mashine yao ya kumenya kahawa.
Meno manane yamekatika, la tisa linaning'inia
kama la mtoto wa darasa la kwanza.
Kahawa mbivu hailali, walisema. Ikilala, imechacha.
Kiwanda kilichoiunda mashine kilifungwa zamani,
na wakala wa Dar alitaka wiki tisa, na fedha mkononi kwanza.

Aikasia aliyahesabu meno kwa chaki, mara mbili.
Thelathini na saba.
Akakaa chini.
Namba ile haigawanyiki, ina kiburi,
na kisahani chetu cha kugawia, chenye matundu kama hayo,
kimo daftarini mwangu, ukurasa wa kumi na mbili:
"Kimeazimwa." Jina halisomeki.
Mwaka huo mimi sikuwa nimeajiriwa.

Wiki hiyohiyo palikuwa na warsha hotelini, ya kujenga uwezo.
Nilihudhuria. Sambusa zilikuwa nzuri, sisemi uongo,
na begi nililopewa nabebea mboga hadi leo.
Tuliandika "uwezo" kwenye karatasi za rangi, tukazibandika ukutani.
Jioni mhudumu akazibandua.

Niliporudi, Aikasia alikuwa amekereza duara la mgrivea,
na kiunoni mwa duara amezungusha futi
ya mama yake, fundi cherehani wa Mbuyuni.
Sentimita sabini na nne kamili, mwanzo umebusu mwisho.
"Zikate mbili mbili," akasema. "Hesabu."
Nikahesabu. Thelathini na saba.

Lakini futi ya kitambaa inavutika, nikamwambia.
Mpimie bibi harusi, sawa; chuma hakisamehe.
Akacheka. "Mkono wa kichwa cha kugawia unazunguka mara arobaini
ndipo gia izunguke mara moja.
Kosa langu likiingia humo kama punje ya mtama,
upande wa pili litatokea vumbi."

Sikusoma hivyo. Ila usiku nililala na jambo hilo:
kwamba kipo chombo cha kupunguza makosa,
na kinakaa kwangu, rafu ya tatu,
nakipaka grisi kila Ijumaa.

Gia ya kwanza iliharibika.
Mzunguko mmoja na matundu matatu, ndiyo kanuni;
yeye alihesabu na lile tundu alilosimama.
Jino la mwisho likatoka nene, mapacha walioungana.
Aliitazama ile kilo nane ya chuma, akatoka nje,
akasimama akielekea mlima uliokuwa mawinguni.
Mwalimu Kileo hakumfuata. Alichukua chaki
akaandika ukutani, juu ya jiliwa:
TUNDU ULILOSIMAMA HALIHESABIWI.
Hakuna aliyepafuta.

Ya pili ilimla siku mbili na nusu.
Mama mmoja wa Uru alipitisha kidole jino kwa jino,
taratibu, kama anayechambua mchele,
akafunga gunia, akauliza tu: "Na risiti?"

Daftari langu lina safu ya "Kilikotoka."
Jiliwa: Bulgaria. Kalipa: Japani. Tupa, seti mbili: India.
Nikaandika: kisahani, matundu 37.
Nilipofika kwenye safu ile kalamu ikasita,
kisha nikaweka: Moshi.
Mkaguzi akitoka mbali atadhani kiliungua.
Na adhani.

Jana kijana wa mwaka wa kwanza alikuja dirishani kukiazima,
mikono yake bado misafi.
Nikamsogezea daftari.
Andika jina, nikamwambia. Lisomeke.